Mawe kwenye Figo: Tusivumilie Kimya

Mwezi huu tuzungumze juu ya ugonjwa ambao wengi wetu huudhania kuwa ni mgongo wa kazi au tumbo la mwezi: mawe kwenye figo.

Mkojo ukiwa mzito, chumvichumvi zilizomo hugandamana na kuwa jiwe. Likitulia ndani ya figo, huenda usihisi lolote. Likianza kushuka katika mrija mwembamba uendao kwenye kibofu, maumivu makali hushika ubavuni hadi kinenani, yakija na kupoa kama uchungu wa kuzaa. Kutapika na damu katika mkojo huweza kufuata.

Je, kila jiwe ni la kupasuliwa? La. Jiwe lisilofikia milimita 5 mara nyingi hutoka lenyewe. Daktari atakupa dawa ya kutuliza maumivu, na pengine ya kulegeza mrija. Usijinunulie dukani, kwani baadhi ya dawa hizo hudhuru figo na mimba. Jiwe linalozidi milimita 10 ni nadra litoke bila msaada.

Msaada huo ni wa namna tatu. Kwanza, kulivunja kwa mawimbi kutoka nje ya mwili, njia iliyoanza kutumiwa kwa wagonjwa huko Ujerumani mwaka 1980. Hakuna kisu, ila vipande huweza kuziba mrija, na pengine kazi hurudiwa. Mjamzito hafanyiwi.

Pili, kupitisha chombo chembamba kwa njia ya mkojo hadi kwenye jiwe. Mrija huweza kujeruhiwa au kupata vijidudu. Mara nyingi daktari huacha kijibomba ndani kwa muda. Ukiambiwa urudi kitolewe, rudi, hata kama umepona kabisa! Kikisahaulika, nacho huota mawe na kuharibu figo.

Tatu, kutoboa tundu dogo mgongoni, hasa kwa jiwe linalozidi sentimita 2. Hatari yake kubwa ni kutokwa na damu. Upasuaji mkubwa hubaki kwa pale ambapo njia hizi hazipo au hazifai.

Kabla ya kukubali, muulize daktari: jiwe lina ukubwa gani, liko wapi, na nikingoja itakuwaje?

Lakini ukiwa na maumivu hayo pamoja na homa na kutetemeka, au mkojo ukikatika, usingoje asubuhi. Figo iliyoziba na kuingiwa na vijidudu huua. Hapo madaktari hutoa kwanza uchafu uliozibwa, jiwe baadaye. Mjamzito na mwenye figo moja nao wasikawie.

Jiwe huweza kurudi. Tunywe maji mpaka mkojo uwe mweupe, tukizidisha wakati wa joto na kunyonyesha. Tupunguze chumvi na wingi wa nyama. Maziwa tusiyaache, kalisi ya chakula haileti mawe kama wengi wanavyodhani.

Dada mpendwa, sisi ni hodari wa kumkimbiza mtoto hospitali, lakini maumivu yetu tunayafunga kwa kanga na kuendelea kupika. Luka mwandishi wa Injili alikuwa tabibu. Basi tuombe, na siku hiyo hiyo twende tukapimwe. Watoto wetu wanatuhitaji tukiwa hai.