Miaka 30 kwa Kila Mzigo

Wakulima wa kahawa wa Rugu hawahitaji mchungaji awafundishe ubaya wa mizani mbovu. Kila msimu tunawaona wamesimama mbele ya mizani, macho kwenye mshale, kwa sababu wanajua kilo ikipotea pale limepotea daftari la mtoto. Mkulima akiambiwa kwamba gunia lake na kiroba cha jirani vina uzito mmoja, atapiga kelele hadi kwa mwenyekiti wa chama cha msingi. Nasi tutasimama naye.

Ndugu washarika, tunawaomba mpige kelele hiyo hiyo mahali pengine ambapo mizani haipimi: katika adhabu za dawa za kulevya.

Tuseme kwanza sheria ilivyo. Mwaka 2015 Bunge lilitunga Sheria ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya, na mwaka 2017 likaifanyia marekebisho. Kwa marekebisho hayo, mtu akitiwa hatiani kwa kusafirisha bangi au mirungi isiyozidi kilo 50, sheria inamtajia kifungo cha miaka 30. Ikizidi hapo, ni kifungo cha maisha. Ni kweli, kipo kifungu chepesi kwa anayekutwa na gramu chache. Lakini mtu akishahesabiwa kuwa msafirishaji, ngazi zinakwisha. Kijana mwenye kilo 2 ndani ya begi na mfanyabiashara mwenye kilo 48 ndani ya gari lake wanasimama mbele ya idadi moja.

Wako watakaosema huo ndio usawa: kosa moja, adhabu moja. Sisi tunakataa. Kuwapa adhabu moja watu ambao makosa yao hayalingani ni kuwadhulumu wale wenye kosa dogo.

Tulikaa na mama mmoja wa usharika wetu baada ya hukumu ya mwanawe. Kijana ana miaka 22, mwendesha bodaboda. Alilipwa shilingi 15,000 apeleke mfuko. Alijua kilichomo. Mama hakutuficha hilo, wala sisi hatukumwambia kwamba mwanawe hana kosa. Alituuliza tu, "Baba Mchungaji, aliyempa ule mfuko yuko wapi?" Hatukuwa na jibu. Kisha akauliza kama yeye mwenyewe atakuwa hai siku mwanawe atakapotoka. Mama ana miaka 61. Tuliomba Mungu ampe uvumilivu, tukaaga. Sala ile tunaikumbuka kwa aibu, kwa sababu hatukumwomba Mungu atupe sisi kinywa cha kusema.

Maandiko yanasema wazi. Katika Kumbukumbu la Torati sura ya 25, mwamuzi anaagizwa kumchapa mwenye hatia kwa kadiri ya kosa lake, tena asipite viboko 40. Sababu imetajwa pale pale: aliyepigwa kupita kiasi atadharauliwa, naye bado ni ndugu. Tazameni, Mungu hasemi mkosaji asiadhibiwe. Anasema adhabu iwe na kipimo, na baada ya adhabu undugu ubaki. Bwana Yesu naye, katika Luka 12, anatofautisha mtumwa wa mapigo mengi na wa mapigo machache. Ikiwa Bwana mwenyewe anatofautisha, sisi ni nani tuseme kwamba kilo 2 na kilo 48 ni sawa?

Tunajua jibu litakalokuja: kanisa lisiingilie mambo ya serikali, maana Warumi 13 inatuagiza kutii mamlaka. Tunatii. Lakini Luther, ambaye jina lake tunalibeba, aliandika mwaka 1523 juu ya mamlaka ya kidunia, na alifundisha kwamba mtawala asiwe mtumwa wa sheria iliyoandikwa. Busara lazima ibaki juu yake. Anayemweleza mtawala hivyo si mwasi. Na serikali yenyewe imeshafungua mlango: mwaka 2023 Rais Samia Suluhu Hassan aliunda tume ya kuangalia haki jinai nchini, chini ya Jaji Mkuu mstaafu Mohamed Chande Othman. Kama Rais ameuliza, kwa nini kanisa linyamaze?

Jibu la pili ni zito zaidi. Wazazi wanatuambia, "Mchungaji, hujaona dawa zinavyowafanya watoto wetu." Tumeona. Tumezika. Kwa hiyo hatuombi milango ya magereza ifunguliwe kwa wauza sumu. Desemba 2023 Mamlaka ya Kudhibiti na Kupambana na Dawa za Kulevya ilitangaza kukamata zaidi ya tani 3 za heroini na methamfetamini. Mzigo kama huo haubebwi na bodaboda wa kijijini. Wenye mizigo hiyo wafungwe, nasi tutawapongeza waliowakamata. Lakini kumfunga mbebaji miaka 30 hakumgusi mwenye mfuko. Yeye kesho atapata kijana mwingine mwenye njaa, na shilingi 15,000 nyingine.

Hatuko peke yetu kusema kwamba adhabu isiyomwangalia mtu ni adhabu mbaya. Mwaka 2019, Mahakama ya Afrika ya Haki za Binadamu na Watu, iliyopo hapa hapa Arusha, iliamua dhidi ya nchi yetu kuhusu adhabu ya kifo ya lazima kwa mauaji. Ilisema adhabu hiyo inakiuka haki ya kuishi, kwa kuwa inamnyima jaji nafasi ya kupima mazingira ya mkosaji. Ikiwa muuaji anastahili kupimwa, mbeba mfuko je?

Tujifunze pia kwa Wamarekani, waliokosea njia hii kabla yetu. Kwa sheria yao ya mwaka 1986, gramu 5 za kokeini ya kuvuta, inayoitwa kreki, zilileta kifungo kile kile cha miaka isiyopungua 5 kilicholetwa na gramu 500 za kokeini ya unga. Waliofungwa kwa kreki wengi wao walikuwa watu weusi. Ilichukua hadi mwaka 2010 kupunguza tofauti hiyo, na hata hapo hawakuimaliza. Tena sheria mpya haikuwagusa waliokwisha kufungwa. Hao walingoja hadi mwaka 2018. Miaka 8 watu walikaa ndani kwa kipimo ambacho taifa lao lilikwisha kukiri kuwa ni kibovu.

Kwa hiyo tunadai mambo matatu. Kwanza, Bunge liweke ngazi za adhabu kati ya gramu chache na kilo 50, kulingana na uzito wa mzigo. Pili, hakimu apewe nafasi iliyo wazi ya kuangalia kama mkosaji ni mwenye mali au mbebaji, na kama ni kosa lake la kwanza. Tatu, mabadiliko yakija, hukumu za walioko ndani zipitiwe upya, tusirudie kosa la Wamarekani.

Nasi washarika tuna kazi yetu. Mbunge anapokuja kusalimia ibadani, tusimwombe mabati tu. Wazee wa kanisa wamuulize jambo hili mbele ya watu. Vikundi vya wanawake na vijana vitembelee gereza; Waebrania 13 inatuagiza kuwakumbuka wafungwa kana kwamba tumefungwa pamoja nao. Na tuache kunong'ona pale mama wa mfungwa anapoingia kanisani. Mama yule tuliyemtaja siku hizi anakaa benchi la nyuma, karibu na mlango, na hutoka kabla ya mnada wa sadaka. Jumapili ijayo mmoja wetu akakae naye.