Soneti Isiyojibiwa: Dhidi ya Shindano Lililogeuzwa Mtihani

Jioni moja, katika baraza ya nyumba huko Mishomoroni, ng'ambo ya daraja la Nyali, mwandishi wa makala haya alishiriki shindano la kirafiki la kutunga soneti. Tulikuwa watungaji saba. Masharti yalikuwa mepesi: mishororo 14, mada moja ya “kivuli”, na kila mtu kusoma kwa zamu. Tulisoma, tukapigiana makofi, mwalimu mmoja akatoa alama, tukanywa kahawa. Mzee mwenye nyumba, aliyetusikiliza tangu mwanzo, akauliza kwa upole: “Haya, wanangu, mumesoma. Na kujibizana ni lini?”

Tulicheka. Hatukupaswa kucheka. Makala haya yananuia kuonyesha kwamba mzee yule aliuona upungufu ambao sisi, pamoja na shahada zetu, hatukuuona. Dai letu ni hili: kinachoufanya utungaji wa pamoja uwe shindano la kifasihi si umbo lililochaguliwa, wala alama zinazotolewa, bali ni jibu. Shindano lisilo na jibu ni mtihani tu, hata likifanyika barazani.

Kuna kambi mbili zitakazotupinga. Ya kwanza ni ya wanamapokeo, watakaosema kosa letu lilikuwa kuichagua soneti, umbo la kigeni. Ya pili ni ya wale wanaoamini kwamba soneti ni nidhamu ya fikra ilhali malumbano ni mchezo wa wazee na wa kurasa za magazeti. Kambi zote mbili zinakosea, na zinakosea kwa sababu moja: haziijui historia ya soneti yenyewe.

Soneti ilizuka Sicilia katika karne ya 13, katika baraza la mfalme Frederick II, na kwa kawaida uasisi wake huhusishwa na Giacomo da Lentini. Miongoni mwa soneti za awali kabisa zilizohifadhiwa mna majibizano: Jacopo Mostacci alizusha swali juu ya asili ya mapenzi, Pier della Vigna akamjibu, na Giacomo naye akajibu. Baadaye ikawa desturi nchini Italia kumjibu mtungaji kwa kuvitumia vina vyake mwenyewe. Je, yuko mshairi wa Mvita au wa Amu asiyeutambua mwenendo huo? Soneti haikutujia ikiwa bubu. Sisi ndio tulioinyamazisha.

Hata Waingereza, ambao shule zetu zimetufunza soneti kupitia kwao, waliitumia kushindana kirafiki. Mnamo 30 Desemba 1816 Leigh Hunt na John Keats walipeana dakika 15 kutunga soneti juu ya panzi na nyenje. Mnamo Februari 1818 wawili hao, pamoja na Shelley, walishindana kutunga juu ya Mto Naili, mto ambao hakuna hata mmoja wao aliyeuona. Katika miaka iyo hiyo Muyaka bin Haji (1776–1840) alikuwa hai Mombasa, na tungo zake zilikuwa zikielekezwa kwa wapinzani wa Mazrui waliokuwa Amu na Unguja. London walishindana chumbani juu ya mto wa mbali. Mvita walishindana juu ya bandari yao wenyewe. Anayeliita shindano la kwanza fasihi na la pili mchezo atueleze mizani aliyoipimia.

Tukija kwenye fani, hoja ya “nidhamu” haisimami. Kwa Kiingereza kina ni kitu adimu, kwa kuwa maneno humalizikia kwa sauti za kila namna. Kupata vina vya mishororo 14 ni kazi ngumu. Kwa Kiswahili, ambacho karibu maneno yake yote huishia kwa irabu na kina chake ni silabi ya mwisho, vina vimejaa tele. Ndiyo sababu wahenga wetu hawakutosheka na kina cha mwisho. Katika shairi la kawaida waliweka mizani 16 katika kila mshororo, nane katika ukwapi na nane katika utao, na wakadai kina cha kati pia. Soneti zetu saba zilikuwa na vina vya mwisho peke yake. Tulidhani tumepanda ngazi, kumbe tumeshuka.

Lakini hasara kubwa si ya vina. Katika soneti yangu niliomboleza minazi iliyokatwa mtaani ili kupisha nyumba za kupangisha. Kijana aliyenifuatia aliyasifu maghorofa hayo hayo kwa kuwa kivuli cha mpangaji aliyekosa pa kulala. Tazama basi: hoja mbili kinzani, mtaa mmoja, jioni moja, na hakuna aliyegundua kwamba tumebishana! Abdilatif Abdalla, alipokuwa mfungwa wa kisiasa, aliutunga “Mnazi: Vuta N'kuvute”, uliomo katika Sauti ya Dhiki (1973), kwa kuwajibizanisha watu wawili juu ya mnazi. Alikuwa peke yake kifungoni na bado aliona hoja haikamiliki bila mpinzani. Sisi tulikuwa saba, na kila mmoja akasema peke yake.

Jibu ndilo uhakiki wetu wa kwanza. Anayetaka kujibu hana budi kuihesabu mizani ya mwenzake, kulifumbua fumbo lake na kuutafuta udhaifu wa hoja yake. Katika idara zetu mwanafunzi hukariri maana ya malumbano kwa ajili ya mtihani, kisha akahitimu bila kumjibu mtu hata ubeti mmoja.

Itasemwa kwamba majibizano huzua uhasama. Ni kweli kwamba baadhi yameishia katika matusi. Hata hivyo, makofi yasiyobagua ni dharau iliyovaa nguo za adabu, maana yanamwambia mtungaji kwamba alilolisema halikustahili kupingwa.

Basi tunapendekeza hivi. Soneti na ibaki, lakini ipewe mizani na kina cha kati. Wa pili avipokee vina vya wa kwanza na kuipinga au kuikuza hoja yake. Na alama zifutwe. Soneti yangu ilipata nafasi ya pili jioni ile. Hadi leo sijui kama kuna aliyeisikia. Kijana wa maghorofa na ajue kwamba jibu lake linatungwa, na kwamba vina nitakavyovitumia ni vyake.