MiG Inayong'aa ni Uongo

Kuna aina moja ya picha ya ndege ya kivita ambayo nimechoka kuiona, na wanaoipiga ni watu ninaowapenda. Ni vijana wenzangu, wachache tu, wanaokata plastiki na bati usiku baada ya kazi au masomo, wakaunda MiG-21 ndogo ya kukaa kiganjani, wakaipaka rangi ya fedha hadi ing'ae, kisha wakaipeleka ufukweni alfajiri na kuipiga picha kutoka chini. Pua juu, jua nyuma ya mkia, Ziwa Victoria likimetameta kwa mbali. Chini ya picha wanaandika: mashujaa wa Kagera. Picha inasambaa, watu wanaweka alama za moto na bendera, na vita vyenyewe vinabaki vilevile tulivyovikuta, vikiwa havijatazamwa.

Kabla sijagombana nao, niwaondoe njiani wale wanaosema hii ni michezo ya watoto. Mimi ni mwanafunzi wa shahada ya uzamili, na nimeulizwa mara nyingi kama nitaweka midoli kwenye tasnifu. Huyo anayeuliza anaishi katika jiji lenye Makoroboi, mtaa uliopata jina kwa taa za koroboi, ambako mafundi waliyachukua makopo yaliyotupwa wakayageuza mwanga wa nyumba za watu. Mtu wa Mwanza kudharau kazi ya bati ni kumdharau babu yake. Tuendelee.

Modeli nyingi za ndege duniani hutengenezwa kwa kipimo cha 1/72, yaani kila sentimita 72 za ndege ya kweli zinakuwa sentimita moja mezani. Mabawa ya MiG-21 yana upana wa mita 7.15 kutoka ncha hadi ncha. Mezani kwangu ni sentimita 9.9. Rubani wa urefu wa kawaida anakuwa milimita 24, mfupi kuliko njiti ya kiberiti. Aliye na pesa anaagiza boksi la vipande kutoka nje. Asiye nazo anaanza na bomba la plastiki la kupitishia nyaya za umeme, analijaza puti ya mafundi wa magari, anapiga msasa, anapiga tena msasa, anakata mabawa kwa wembe. Kioo cha rubani kinatoka kwenye chupa ya maji: unachonga umbo lake kwa mti, unaliingiza ndani ya chupa, unalipasha moto mpaka plastiki inywee na kulikumbata. Ule mrija mwembamba unaotokeza puani ni mshipi mnene wa nailoni, wa kuvulia sangara. Supa gluu inamalizia, pamoja na ngozi ya vidole vyako.

Ukishaipiga msasa, kabla ya rangi, unakaa na kitu cha kijivu kisicho na nchi. Hapo ndipo ugomvi wangu unapoanzia. Mwaka 1978 Uganda ilikuwa na MiG-21. Sisi pia tulikuwa na MiG-21. Pembetatu ileile ya mabawa, mdomo uleule wa mviringo, mkia uleule. Bomba langu la umeme linaweza kuwa ya Idi Amin au ya JWTZ, na kinachoamua ni brashi yangu ya saa nne usiku: herufi JW na namba, au alama za Uganda. Mwenzangu wa rangi ya fedha anafika hapa, anabandika alama zetu, anaenda kulala. Mimi nasema hapa ndipo pa kusimama. Katika siku za mwanzo za vita hivyo, wakati nchi nzima inapeleka watu na silaha kaskazini, ndege tatu za kivita za Tanzania zilidunguliwa eneo la Musoma. Hazikudunguliwa na Amin. Zilidunguliwa na sisi.

Haya si siri ninayoifichua. Yameandikwa vitabuni miaka mingi. Ila hayamo katika Kagera tunayosimuliana. Kagera yetu inaanza na uvamizi wa mwishoni mwa Oktoba 1978, inapita kwenye hotuba ya Mwalimu ya sababu, uwezo na nia, inavuka pale Kyaka ambako daraja lilivunjwa, halafu inaruka hadi Kampala tarehe 11 Aprili 1979. Musoma haina kituo katika safari hiyo. Na modeli inayong'aa, kwa uzuri wake wote, inairuka Musoma kama basi la usiku.

Nawaambia hivi: ukitaka kupiga picha ya MiG ya vita vya Kagera, ipige kutoka pale aliposimama yule askari wa Musoma. Hesabu ni nyepesi. Ndege ikiwa umbali wa mita 1,500, kwa kipimo chetu huo ni umbali wa mita 21. Ikienda kilomita 900 kwa saa, kwa kipimo chetu ni kama mita tatu na nusu kwa sekunde, mwendo wa mtoto anayekimbia bila haraka. Mimi na rafiki yangu tulilifanya jambo hili ufukweni Luchelele. Tulikuwa na modeli mbili, moja yenye alama za Uganda na nyingine yenye alama zetu, kila moja ikining'inia kwa mshipi kwenye mwanzi mrefu. Mdogo wake alikimbia nazo, moja baada ya nyingine, jua likiwa nyuma yake. Tuliwaomba wavuvi wanne waliokuwa wakianika dagaa watuambie ipi ni ya Tanzania.

Wa kwanza alicheka. Wa pili alisema zote ni za Tanzania. Wa tatu alisema, "Mwanangu, hicho ni kivuli tu." Wa nne hakujibu, alirudi kwenye dagaa wake. Mimi nilijua ipi ni ipi kwa sababu moja tu: ndiye niliyepanga ipi itangulie. Na hapo hakuna aliyekuwa anaogopa. Hakuna aliyesikia juzi kwamba ndege za adui zimepiga mabomu Bukoba. Hakuna aliyejua kwamba akichelewa kwa sekunde tano, watu wa kikosi chake watakufa.

Picha niliyoipata siku ile ni mbaya kwa vigezo vyote vya wenzangu. Ndege ni nyeusi. Alama hazionekani. Imetoka pembeni kidogo, kwa sababu mtoto aliongeza mbio. Nimeipiga kwa simu ya kawaida, ambayo kwa kazi hii ni bora kuliko kamera kubwa ya kukodi: kihisi chake ni kidogo, kwa hiyo ndege na kilima cha nyuma vyote vinaonekana vikali, na jicho la mtazamaji halipati nafasi ya kusema hii ni modeli. Nilipowaonyesha, mmoja aliniuliza kwa nini nimeharibu kazi ya wiki tano. Mwingine, mwenye hasira zaidi, aliniambia naliaibisha jeshi.

Huyu wa pili anastahili jibu. Anaposema aibu, anafikiri nawacheka wale askari. Nani anacheka? Hao walikuwa Watanzania waliosimama kuilinda Musoma kwa macho na sekunde, na waliokuwa angani walikuwa Watanzania waliokwenda kuilinda nchi hiyohiyo. Ukiwafuta ili picha ibaki safi, umewafuta wote, wa chini na wa juu. Kila tarehe 25 Julai tunaadhimisha Siku ya Mashujaa, na Kaboya, kule Muleba, kuna makaburi ya waliokufa katika vita hivyo. Heshima inayotaka kwanza tusahau jinsi vita vinavyofanya kazi ni heshima ya bei rahisi, na mimi siitaki kwenye rafu yangu.

Wapo pia wanaoniletea sheria. Uwanja wa ndege wa Mwanza uko Ilemela, jeshi lina kambi palepale, na Sheria ya Usalama wa Taifa ya mwaka 1970 inakataza kupiga picha maeneo yaliyolindwa. Sawa. Sijawahi kuelekeza simu huko na sitaelekeza. Nikiwa kwenye daladala ya kwenda Igombe simu yangu inakaa mfukoni. Lakini siri ya kambi ya leo haihusiani na kosa la mwaka 1978. Tumejifunza kuogopa kupiga picha, na woga huo umehama taratibu kutoka kwenye lango la kambi ukaingia kwenye historia, mpaka kijana anaangalia kulia na kushoto kabla ya kutamka neno Musoma. Modeli ya bomba la umeme hailindwi na sheria yoyote. Ndiyo nafasi yake. Inaweza kwenda pale ambapo kamera haiendi, na sisi tunaitumia kupiga picha za kalenda.

Halafu kuna Saanane. Hiki kisiwa kila mtu wa Mwanza anakijua. Kimechukua jina la mzee aliyeishi huko, kikawa bustani ya wanyama mwaka 1964, na mwaka 2013 kikawa hifadhi ya taifa. Tunakwenda na wageni kuwaona pimbi. Mwishoni mwa Machi 1979, baada ya Gaddafi kumtaka Nyerere aondoe majeshi Uganda ndani ya saa 24, ndege ya Libya aina ya Tu-22 ilikuja kuipiga Mwanza. Ilikosa. Mabomu yaliangukia Saanane, yakamjeruhi mfanyakazi mmoja na kuua wanyama kadhaa, wakiwemo swala.

Hadithi hii husimuliwa kama kichekesho: Gaddafi alipigana na swala. Nimeisikia kwenye baa, kwenye msiba, na kwenye boti ya kwenda hukohuko Saanane. Ni kichekesho kizuri mpaka ujenge Tu-22. Kwa kipimo cha 1/72 ina urefu wa sentimita 58. MiG yangu ikikaa karibu nayo inaonekana kama kifaranga. Niliiweka juu ya mawe ya Capri Point, kisiwa kikiwa nyuma, saa moja asubuhi kabla jua halijapanda na kuvifupisha vivuli, na nilipoinama kutazama kwenye simu ndipo nilipoona jinsi Saanane ilivyo karibu na mjini. Rubani yule hakuwa amewalenga swala. Alikosa kwa umbali ambao mtu anayejua kuogelea angeweza kuufikiria.

Na tarehe 1 Aprili ndege zetu zikaenda kulipiza, zikapiga Kampala, Jinja na Tororo. Huko nako kulikuwa na watu wanaoanika samaki. Sijaona hata modeli moja, ya kung'aa au ya kutu, yenye kuonyesha hilo.

Mwenzangu wa rangi ya fedha ana neno la mwisho analolipenda: yeye ni msanii, haandiki historia, anapenda umbo tu. Basi aache kuandika mashujaa wa Kagera chini ya picha. Aandike umbo. Akishaliandika jina la vita, amekwisha kuingia kwenye deni, na deni hilo halilipwi kwa vanishi.

Mimi sasa ninatengeneza MiG tatu kwa pamoja, zote zenye herufi JW, za kupigwa picha kutoka chini kwa umbali wa mita 21, siku ya mawingu. Mbili zimemaliza msasa. Ya tatu inasubiri bomba.