Kalamu kwanza, kisha kibodi

Habari za Sachangwan hufika Nairobi kukitokea maafa barabarani, kama ule moto wa lori la mafuta wa Januari 31, 2009, uliowaua zaidi ya watu 100. Yanayotendeka darasani hayatangazwi. Humo mna uzembe wa aina nyingine, na hauhusu Sachangwan pekee: watoto wetu wanafunzwa kuandika nusunusu, mara mbili. Mwandiko umepuuzwa eti enzi ya kompyuta imefika, na kuchapa kwenye hiyo kompyuta nako hawafunzwi. Lawama si za mwalimu mwenye darasa lililofurika. Ni za Wizara ya Elimu, taasisi ya mitaala (KICD) na baraza la mitihani (KNEC).

Mwaka 2013 muungano wa Jubilee uliingia madarakani ukiahidi kipakatalishi kwa kila mtoto wa darasa la kwanza. Zabuni ikaishia mahakamani, mradi ukafufuliwa 2016, na vifaa zaidi ya milioni moja vikasambazwa katika shule za msingi za umma. Kununua vifaa halikuwa kosa. Kosa lilikuwa kuanza na mtoto wa miaka sita, ambaye ndiyo kwanza anajifunza kushika penseli, na kuwaruka wakubwa wake waliokuwa tayari kwa kibodi.

Ushahidi ulikuwapo. Mwaka 2009, Virginia Berninger wa Chuo Kikuu cha Washington na wenzake waliwalinganisha wanafunzi wa darasa la pili, la nne na la sita. Kwa kalamu, watoto waliandika insha ndefu zaidi na kwa kasi zaidi kuliko kwa kibodi. Mwaka 2012, Karin James na Laura Engelhardt walipima ubongo wa watoto ambao bado hawajajua kusoma. Herufi walizoziandika kwa mkono ziliamsha sehemu zinazotumika katika kusoma. Walizozibonyeza hazikufanya hivyo. Utafiti huo ulihusisha watoto wachache, lakini mwalimu yeyote wa Gredi ya 1 anaijua sababu: mtoto anayehangaika na umbo la herufi hana nafasi ya kufikiria sentensi.

Hoja hiyo hiyo inawabana wanaotaka skrini zifukuzwe shuleni. Anayesaka herufi kwenye kibodi kwa kidole kimoja naye hupotewa na wazo. Nafasi za vyuo huombwa kwa KUCCPS kupitia mtandao, na huduma za serikali ziko eCitizen. Kijana asiyeweza kuchapa atamlipa mhudumu wa saiba amfanyie kazi yake mwenyewe. Halafu mwaka 2022 KICD ikaidhinisha mtaala wa uundaji wa programu za kompyuta. Kumfunza hayo mtoto asiyeweza kuchapa jina lake ni kuezeka nyumba isiyo na kuta.

Wapo wanaotutajia Finland, iliyoacha kulazimisha mwandiko wa kuunganisha herufi mwaka 2016. Waseme yote: Finland haikuacha kufunza herufi za kawaida kwa mkono, na palipoachwa wazi iliweka masomo halisi ya kuchapa. Sisi tuliacha pengo.

Mitihani nayo imechangia. Hadi KCPE ya mwisho mwaka 2023, mtahiniwa aliandika insha kwa dakika 40. KPSEA ya kwanza, tathmini ya Gredi ya 6 ya Novemba 2022, ilikuwa ya kuchagua majibu tu. Shule hufunza kinachotahiniwa. Kisichotahiniwa husukumwa Ijumaa jioni. Ilhali kwenye KCSE, mwishoni mwa sekondari, mtahiniwa anadaiwa insha mbili za Kiswahili kwa saa 1 na dakika 45, kwa kalamu.

Uamuzi wetu ni huu. Kuanzia chekechea, ambayo kwa Sachangwan ni jukumu la Kaunti ya Nakuru, hadi Gredi ya 3, pawe na kipindi cha mwandiko kila siku: kushika penseli, herufi inapoanzia na inapoishia, imla. Kuanzia Gredi ya 4, mtoto afunzwe kuchapa kwa vidole vyote kumi bila kutazama kibodi, na vifaa vilivyofungiwa makabatini vitolewe vitumike huko. Mtoto mwenye ulemavu unaomzuia kuandika kwa mkono apewe kibodi mapema, bila kuombewa ruhusa. KNEC iifanye insha ya mkono kuwa sehemu ya kudumu ya tathmini ya Gredi ya 6, na ipime kuchapa katika sekondari ya msingi. Tume ya walimu, TSC, iwafunze walimu stadi zote mbili kabla ya kuwadai matokeo.

Hakuna hata moja kati ya haya linalohitaji zabuni mpya ya mabilioni. Yanahitaji ratiba, na Wizara ina uwezo wa kuitoa kabla ya mwaka ujao wa masomo. Isipoitoa, isithubutu kumlaumu mwalimu wa Sachangwan alama za insha zitakaposomwa.