Kukosa kwa Mechi Moja



Juma hili tunaomba ruhusa ya kuzungumzia mchezo ambao wengi wetu hatujawahi kuucheza, nao ni besiboli ya Marekani. Iko huko timu moja, Seattle Mariners, ambayo kukosa kidogo kumekuwa kwake kama desturi ya nyumba. Nasi tusingeigusa habari hiyo, kwa maana michezo ina waandishi wake, kama si neno moja kuhusu subira lililotamkwa na kiongozi wa timu hiyo mwaka 2023, ambalo kwa maoni yetu halistahili kupita hivi hivi.

Kwanza tuelewane juu ya utaratibu. Katika ligi za soka tulizozizoea, anayemaliza juu ya msimamo ndiye bingwa, basi. Huko sivyo. Kila timu hucheza mechi 162 tangu mwisho wa Machi hadi mwisho wa Septemba, karibu kila siku, na mechi hizo zote hazimpi mtu ubingwa. Zinampa tu haki ya kuingia katika mtoano wa mwezi Oktoba. Timu ziko 30, zimegawanyika katika ligi mbili, na tangu mwaka 2022 kila ligi huingiza timu sita: washindi wa kanda tatu, na wengine watatu wenye rekodi bora baada yao. Zilizobaki hufunga mizigo. Hivyo basi timu mbili zaweza kutofautiana kwa mechi moja tu kati ya 162, moja ikacheza Oktoba na nyingine ikatazama televisheni.

Mariners walianzishwa mwaka 1977, wakauona mtoano kwa mara ya kwanza mwaka 1995. Mwaka 2001 walishinda mechi 116, wakaifikia rekodi iliyowekwa na Chicago Cubs mwaka 1906, kisha wakatolewa na New York Yankees kabla ya kufika World Series, ambayo ndiyo fainali yenyewe. Baada ya hapo mlango ukafungwa. Mwaka 2002 walishinda mechi 93, wakakosa. Mwaka 2003 wakashinda tena 93, wakakosa tena, kwa kuwa siku hizo kila ligi ilikuwa na nafasi moja tu ya ziada nje ya washindi wa kanda. Ilipita misimu 20 mfululizo bila mtoano, tangu 2002 hadi 2021. Tusidanganyane: si miaka yote hiyo ilikuwa ya kukosa kidogo. Mwaka 2008 walipoteza mechi 101, na mwaka 2010 wakapoteza 101 tena. Lakini watu husahau haraka mwaka wa kushindwa vibaya. Usiosahaulika ni ule ambao mkono ulikwisha kugusa kitasa.

Chukueni mfano wa Félix Hernández, kijana wa Venezuela aliyeanza kuichezea Seattle mwaka 2005 akiwa na umri wa miaka 19. Alikuwa mrushaji wa mpira, na kwa miaka kadhaa hapakuwa na wengi duniani waliomzidi. Mwaka 2010 alipewa Tuzo ya Cy Young, ya mrushaji bora wa ligi yake. Tarehe 15 Agosti 2012 alicheza dhidi ya Tampa Bay mechi nzima bila mpigaji hata mmoja wa upande wa pili kufika kituo cha kwanza. Mashabiki walimwita Mfalme, wakatengewa sehemu yao uwanjani, wakivaa fulana za manjano kila alipopangwa kucheza. Naye angeweza kuondoka akatafute ubingwa kwingine, kama wengi wafanyavyo. Akasaini kubaki, tena na tena. Alilipwa vizuri sana, hatumwombei huruma ya maskini. Hata hivyo alicheza misimu 15, yote Seattle, hakurusha mpira hata mmoja katika mtoano.

Mwaka wa karibu zaidi kwake ulikuwa 2014. Tarehe 28 Septemba, siku ya mwisho ya msimu, Seattle walikuwa nyuma ya Oakland kwa mechi moja. Ilitakiwa Oakland wafungwe kule Texas na Seattle washinde nyumbani, wapate angalau mechi ya ziada ya kuamua. Hernández alikuwa akirusha na timu yake ikiongoza, huku macho ya uwanja mzima yakiwa kwenye ubao wa matokeo ya mbali. Kisha ubao ukaonyesha kwamba Oakland wameshinda. Kocha akatoka kwenda kumwondoa Hernández uwanjani, na watu wakasimama wakampigia makofi. Seattle wakashinda mechi yao. Haikuwa na maana tena.

Mwaka 2021 ikawa vivyo hivyo: mechi 90 za ushindi, matumaini hadi siku ya mwisho, na kukosa kwa mechi mbili. Siku hiyo Kyle Seager, aliyekuwa na timu kwa misimu 11, aliondolewa uwanjani katika awamu ya mwisho ili mashabiki wamwage. Alitoka akilia. Miezi michache baadaye akastaafu, naye bila kuuona mtoano. Mdogo wake, Corey, alikwisha kuchukua ubingwa na Los Angeles Dodgers mwaka 2020, na mwishoni mwa mwaka huo huo wa 2021 akasajiliwa na Texas Rangers. Mshikeni huyo ndugu mdogo akilini, tutamrudia.

Ukame uliisha tarehe 30 Septemba 2022, pale Cal Raleigh alipoupiga mpira nje ya uwanja dhidi ya Oakland katika dakika za mwisho kabisa. Mji ulishangilia. Mwaka mmoja kamili baadaye, tarehe 30 Septemba 2023, Seattle walitolewa nyumbani kwao na Texas, na msimu ulipofungwa hesabu ikaonyesha kwamba wamekosa kwa mechi moja. Raleigh huyo huyo akasema hadharani kwamba timu inapaswa kujitoa kweli kweli kutafuta ushindi na kuleta wachezaji, kama walivyofanya wengine. Baadaye aliomba radhi kwa kusema hivyo. Sisi hatuoni alikosea wapi.

Ndipo akaja Jerry Dipoto, mkuu wa shughuli za besiboli wa timu. Alieleza kwamba lengo ni kushinda asilimia 54 ya mechi mwaka baada ya mwaka, kwa maana timu inayodumu hivyo kwa miaka kumi mwishowe itafika World Series. Akaongeza, kwa maana hii, kwamba kuwaomba mashabiki wawe na subira ni kuwatendea hisani. Naye pia aliomba radhi, na tunaiheshimu radhi yake. Lakini mpango wenyewe haukuombewa radhi, nao ndio tunaotaka kuutazama.

Tumtendee haki kwanza. Katika hoja yake mna ukweli. Mwaka huo huo wa 2023 Arizona waliingia mtoano wa ligi yao kwa ushindi wa mechi 84 tu, wanne pungufu ya Seattle waliobaki nyumbani, wakaenda hadi World Series. Akishaingia mtu mlangoni, lolote laweza kutokea. Lakini hebu pigeni hesabu. Asilimia 54 ya mechi 162 ni ushindi wa mechi 87 au 88. Seattle mwaka 2023 walishinda ngapi? 88! Lengo lilitimia barabara, na wakakosa kwa mechi moja. Tuendelee: mwaka 2021 walishinda 90, mwaka 2022 tena 90, mwaka 2023 wakashinda 88, na mwaka 2024 wakashinda 85. Jumla ni 353 katika mechi 648, yaani zaidi kidogo ya asilimia 54. Wakuu walipata walichokipanga, na katika miaka hiyo minne waliuona mtoano mara moja. Anayepanga kufika kizingitini asishangae akikuta siku nyingine mlango umefungwa mbele ya pua yake.

Ndiyo maana hatukubali kuiita hali hii bahati mbaya. Bahati mbaya ni mpira uliogonga uzio ukarudi ndani. Kukosa mara tatu katika miaka minne, kwa mechi mbili, kisha moja, kisha moja, kulitokana na mahali walipochagua kusimama. Na mechi iliyopungua si ile ya mwisho ambayo watu waliililia. Ile iliyopotezwa Aprili kwa uzembe, wakati viwanja bado vina baridi na hakuna anayehesabu, ina uzito ule ule.

Tena subira! Seminarini tulifundishwa kwamba Mtakatifu Thoma wa Akwino anaiweka subira chini ya fadhila ya nguvu: ni kuvumilia ubaya bila kuvunjwa na huzuni. Ni mali ya yule anayevumilia. Anayemngojesha mwenzake hana haki ya kumwomba subira na papo hapo kujihesabia hisani. Shabiki wa Seattle alikwisha kuitoa kwa miaka 20, tena kwa kununua tiketi.

Watu wa Texas nao hawakuwa na hekima kupita wengine. Mwaka 2021 walipoteza mechi 102. Wakamwaga fedha kwa Corey Seager na wenzake, na mwaka 2023 wakawa mabingwa, Corey akitajwa mchezaji bora wa World Series. Mwaka uliofuata wakaanguka, wakapoteza nyingi kuliko walizoshinda. Mtu atauliza, je, huo ndio mpango? Pengine si mpango wa kuigwa na kila mtu. Lakini hakuna mtu wa Texas atakayenyang'anywa 2023.

Seattle, kwa upande wao, baada ya kukosa mwaka huo walimpeleka Eugenio Suárez Arizona, wakamwacha Teoscar Hernández aende zake. Huyu wa pili akachukua ubingwa na Dodgers mwaka 2024. Mwaka huo huo Seattle waliongoza kanda yao kwa tofauti ya mechi kumi katikati ya Juni, na uongozi huo ukayeyuka katika muda wa mwezi mmoja hivi. Kocha akafukuzwa Agosti. Wakakosa kwa mechi moja.

Julai 2025 mambo yalibadilika. Walimleta Josh Naylor kutoka Arizona, kisha wakamrudisha Suárez yule yule. Raleigh alimaliza msimu akiwa ameupiga mpira nje ya uwanja mara 60. Wakashinda kanda yao, wakawatoa Detroit katika mechi iliyofika awamu ya 15, na katika mechi ya tano dhidi ya Toronto ni Suárez aliyepiga mpigo ulioleta pointi nne kwa mkupuo. Tarehe 20 Oktoba, katika mechi ya saba, waliongoza 3 kwa 1. Ilibaki kuwaondoa wapigaji wanane tu waingie World Series. George Springer akaupiga mpira ukavuka uzio, pointi tatu. Wakafungwa 4 kwa 3.

Hadi msimu huo ulipokwisha, walikuwa bado timu pekee kati ya zote 30 isiyowahi kucheza World Series. Walikosa tena, na kwa uchungu kuliko miaka yote iliyotangulia. Lakini safari hii walikosa wakiwa ndani ya nyumba, na wachezaji walioletwa kwa nia ya kushinda. Kwa kukosa huko hatumdai mtu maelezo.