Ukuta Mbichi na Mshahara wa Fundi wa Rangi



Mwashi amaliza plasta Ijumaa. Jumatatu fundi wa rangi aambiwa apande jukwaani. Akiuliza kama ukuta umekauka, ajibiwa kwamba mwenye nyumba anahamia mwisho wa mwezi. Baada ya miezi mitatu rangi yavimba na kubanduka, na gharama ya kurudia kazi yakatwa katika mshahara wa fundi wa rangi. Sisi twasema jambo hili si haki, na twataka likomeshwe.

Plasta ya simenti na mchanga hunyweshwa maji kwa makusudi siku za kwanza, kama wiki moja hivi, ili simenti ishike. Siku hizo ukuta haukauki hata kidogo. Hesabu ya kukauka yaanza maji yakikomeshwa. Mafundi wa siku nyingi hungoja wiki nne kwa uchache, nazo ni wiki za jua na upepo. Nairobi mwezi wa Juni na Julai, mawingu yanaposhinda angani, au wakati wa mvua za masika, kungoja wiki sita au nane si uvivu.

Tena simenti mbichi ina ukali, na mikono ya kila mwashi yaujua. Rangi ya mafuta ikikutana na ukali huo penye unyevu hugeuka kuwa kama sabuni: hulainika, hunata, kisha huachana na ukuta. Kuna na ile chumvi nyeupe iletwayo juu na maji yanayotoka. Ifagie kwa brashi kavu, usiioshe. Ikirudi kesho, ukuta bado haujakauka.

Bwana msimamizi akibisha, bandika kipande cha nailoni ukutani, ukizibe pande zote nne, kilale usiku kucha. Asubuhi mwonyeshe matone yaliyo nyuma yake. Akishikilia kwamba lazima rangi ipakwe, basi iwe rangi ya maji isiyong'aa, iliyozimuliwa, ili ukuta upate kupumua. Lakini jiko la makaa ndani ya chumba kilichofungwa tunalikataa kabisa. Plasta hupasuka, na hewa ya makaa huua watu.

Waajiri husema kuchelewa kuna faini. Twajua. Lakini siku za kukauka zaweza kuandikwa katika mpango wa kazi tangu mwanzo, na mafundi wengine wasio wa rangi wakaendelea na kazi zao wakati huo. Mwajiri aliyeahidi nyumba kabla ya wakati wake ndiye aliyejitwika hasara hiyo.

Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 19, yamruhusu mwajiri kukata kiasi cha haki kwa mali yake iliyoharibika kwa makusudi ya mfanya kazi. Fundi aliyeonya, akaamrishwa, akatii, amekusudia nini? Ila onyo la mdomo husahauliwa upesi siku ya mshahara. Kwa hiyo twaomba kila mwakilishi wa wafanya kazi awe na daftari: siku plasta ilipokwisha, siku ukuta ulipopimwa, na jina la aliyetoa amri ya kupaka. Nanyi waashi, wasaidieni wenzenu. Mkimaliza chumba, andikeni tarehe kwa penseli juu ya ukuta wenyewe, karibu na mlango, mahali ambapo msimamizi hawezi kupita bila kuiona.