Kampuni ndogo si kisingizio

Jamani, kuna hoja imenichosha: "Sisi ni watu 12 tu, sera ya unyanyasaji wa kingono ya nini?" Naisikia kwa wenye vikampuni vya programu, hata huku kwetu Lucky Summer.

Kweli, Sheria ya Ajira ya 2007, kifungu cha 6, inadai sera hiyo kwa mwajiri mwenye wafanyakazi 20 au zaidi. Lakini kifungu hicho hicho kinaanza kwa kueleza unyanyasaji wenyewe, uwe wa mwajiri, mwakilishi wake au mfanyakazi mwenzako. Hapo hakuna idadi.

Tena kampuni ndogo ndiyo hatari zaidi: mshtakiwa ni rafiki ya bosi, na bosi ndiye msikilizaji pekee. Dada aende wapi?

Mwaka 2017 Susan Fowler alieleza kwamba Uber ilimlinda meneja wake kwa sababu ni hodari kazini. Kumbe wanawake wengine walishamripoti huyo huyo!

Hitilafu ya programu tunaipa namba, mshughulikiaji na tarehe. Lalamiko la mwenzetu je? Liandikwe, lichunguzwe na mtu wa nje, jina lake lisitangazwe. Ukurasa mmoja watosha. Uandikeni.